Bega la El Magnifico

Katika miaka ya 1990, kwenye nyumba moja ya London, paka dume mkubwa mwenye rangi nyeusi na nyeupe alianza kuchechemea. Umri wake ulikuwa miaka 14 hivi. Majina yake yalikuwa mengi: Butch, Butchkin, na kwa heshima zake zote, El Magnifico. Mwenyewe alikuwa mwandishi Doris Lessing, ambaye mwaka 2007 alikuja kupewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kuchechemea kule hakukutokana na mwiba wala na ugomvi wa usiku na madume ya jirani. Ilikuwa saratani ya bega. Ili aendelee kuishi, ilibidi akatwe mguu mzima wa mbele, pamoja na bega lake.

Lessing alikubali. Mwaka 2000 alitoa kitabu kidogo kuhusu uzee wa paka huyo, The Old Age of El Magnifico, na anayekisoma hakutani na mtu aliyeamua mara moja akalala usingizi. Anakutana na mtu anayemtazama mnyama wake akiyumba kwa miguu mitatu, fahari yake imejeruhiwa kuliko mwili, huku yeye mwenyewe akibaki na swali la alichomtendea.

Kisa cha mguu uliokatwa hakikuwa kigeni kwake. Baba yake, Alfred Tayler, alipoteza mguu katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kisha akamwoa muuguzi aliyekutana naye hospitalini alikokuwa akipona. Mwaka 1925 familia ilihamia Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, na huko mzee akalima akitembea kwa mguu wa mti. Binti alikua akiona kila siku kwamba mtu hupungukiwa na mguu, akaendelea kuwa yeye yule. Lakini baba alikuwa ameelezwa. Alijua mguu wake umekwenda wapi na kwa nini. Paka alichomwa sindano ya nusu kaputi akiwa na miguu minne, akazinduka akiwa na mitatu, na hakuna aliyekuwa na lugha ya kumweleza.

Shambani huko ndiko pia Lessing alikoona mkono mwingine wa binadamu kwa paka. Katika Particularly Cats, kitabu chake cha mwaka 1967, anasimulia jinsi mama yake alivyochoka na kazi ya kuwapunguza paka waliokuwa wakizaana bila kikomo, akaondoka nyumbani kwa siku chache, na baba akabaki na paka wapatao 40. Bastola ilitumika. Mtoto aliyekuwapo siku hizo ndiye huyo huyo aliyekuja kumpeleka paka mmoja kwa daktari bingwa, akamuuguza usiku na mchana.

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mikono hiyo miwili inaishi chini ya paa moja. Bibi anashangaa fedha za karo kwenda kwa nyau. Mjukuu wa miaka tisa analia mlangoni mwa kliniki. Wote wawili wanastahili kusikilizwa, na wote wawili wananyimwa haki ikiwa mazungumzo yataanza kwa neno “saratani” na kuishia hapo hapo, kwa sababu neno hilo peke yake halielezi karibu chochote.

Swali la kwanza la mwenye paka huwa: ataishi muda gani? Daktari mwaminifu hulirudisha: saratani ipi, imeanzia wapi, imefika wapi? Limfoma ni miongoni mwa saratani zinazowapata paka mara nyingi zaidi, na ndani ya jina hilo moja mna magonjwa yanayotofautiana kama mafua na nimonia. Kuna limfoma ya utumbo ya seli ndogo, inayotambaa polepole kwa paka mzee. Anakonda, anatapika mara mbili tatu kwa wiki, na nyumbani wanasema ni uzee tu. Paka wengi wa aina hiyo hutibiwa kwa vidonge viwili, klorambusili na prednisoloni, wakiwa kwao, juu ya mto wao, na wengi huishi miaka 2 na zaidi. Kuna pia limfoma ya seli kubwa, yenye haraka. Bila tiba humaliza paka kwa wiki chache. Kwa dawa za mchanganyiko zinazochomwa mshipani, paka anayeitikia vizuri huweza kupata miezi 6 hadi 9, na wachache huvuka hapo kwa mbali.

Kwa hiyo kipande cha nyama kinachopelekwa maabara ndicho kinachofungua mlango wa uamuzi. Kuna kosa moja linalofanywa kwa huruma kabisa: kumwanzishia paka prednisoloni kabla sampuli haijachukuliwa, kwa kuwa ni dawa rahisi na humrudishia hamu ya kula. Dawa hiyo inaweza kuuficha ugonjwa machoni pa mtaalamu wa maabara, na inaweza kuzifanya seli za saratani ziwe sugu kwa dawa zitakazofuata. Paka anaonekana mzima kwa mwezi mmoja, kisha njia zinakuwa zimeziba.

Kipimo kingine kinachofaa kuombwa mapema ni cha virusi vya lukemia ya paka. Mwaka 1964 William Jarrett na wenzake wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, walivigundua virusi hivyo, baada ya kufuatilia nyumba moja ambayo paka wake walikuwa wakifa kwa limfoma. Vinasafiri kwa mate: paka wakilambana, wakila sahani moja, wakiumana. Chanjo ilipatikana Marekani mwaka 1985, na katika nchi zinazopima na kuchanja, limfoma za paka vijana zimepungua sana. Nyumba yenye paka wanne inapopata jibu la kipimo hicho, haiamui tena habari za mgonjwa mmoja tu.

Dawa zenyewe zina historia inayopita karibu na uani mwetu. Vinkristini, ambayo ni nguzo ya tiba ya limfoma kwa watu na kwa paka, hutolewa kwenye mmea mdogo wenye maua ya petali tano, ya waridi au meupe, ambao asili yake ni Bukini, kama wazee wa pwani walivyokiita kisiwa cha Madagaska. Leo unamea kwenye bustani na kando ya kuta kote katika nchi za joto. Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 1963, na watoto wengi wenye lukemia walipona kwa sababu yake. Inapoingia kwenye mshipa wa paka lazima iingie yote mshipani. Tone likivuja nje huunguza nyama. Ndiyo maana paka hutulizwa kwanza, mrija mwembamba hufungwa mguuni, na daktari haharakishwi.

Watu waliouguza ndugu hospitalini hulijua neno “kemo” kwa sura yake kali zaidi: kutapika, kunyonyoka nywele, kulazwa. Hofu hiyo ina msingi, lakini kwa paka lengo hubadilika. Dozi hupangwa chini zaidi, kwa sababu daktari wa wanyama hatafuti kupona kwa gharama yoyote. Anatafuta miezi ambayo paka bado ni paka. Manyoya kwa kawaida hayanyonyoki. Yanayodondoka ni masharubu, nayo huota tena. Kichefuchefu na kushuka kwa chembe nyeupe za damu hutokea, na ikitokea dozi hupunguzwa au kusimamishwa. Nyumbani kuna sheria zake: glavu wakati wa kushika vidonge na kusafisha trei ya mchanga, na mjamzito asiiguse kabisa, kwa kuwa mabaki ya dawa hutoka na mkojo na kinyesi.

Pia paka si mbwa mdogo. Sisplatini, dawa ambayo mbwa huweza kupewa, humjaza paka maji mapafuni na kumuua. Fluorourasili, iliyomo hata katika krimu fulani za ngozi za watu, huharibu ubongo wake. Na ile ambayo imo katika kila kabati la nyumba: parasetamoli. Ini la paka halina uwezo wa kuisafisha. Kidonge kimoja tu, alichopewa na mtu aliyeshindwa kuvumilia kumwona akiumwa, hugeuza damu yake ikashindwa kubeba hewa. Ufizi unakuwa wa kahawia, uso unavimba, na kwa kawaida anakufa. Dawa salama za maumivu ya paka zipo, kama buprenofini na meloksikamu kwa kipimo chake, na hizo huandikwa na daktari wa wanyama.

Hata hivyo silaha kuu dhidi ya uvimbe mwingi wa paka bado ni kisu, na katika nchi zetu ndiyo inayopatikana zaidi. Mashine za mionzi kwa ajili ya wanyama ziko kwa wingi Ulaya na Marekani. Daktari mwenye mkono mzuri wa upasuaji yuko Nairobi, yuko Dar es Salaam, na vyuo vya Sokoine kule Morogoro na Kabete kule Nairobi vimekuwa vikifundisha madaktari wa mifugo kwa miongo mingi. Katika upasuaji wa saratani, wakati una thamani kuliko ustadi. Uvimbe wa matiti ya paka jike, tofauti na wa mbwa, huwa saratani kwa kiasi cha asilimia 85 au zaidi. Ukikutwa haujafika sentimita 2, paka anaweza kuishi miaka baada ya safu nzima ya matiti kuondolewa. Ukipita sentimita 3, miezi ndiyo inayohesabiwa. Kumkagua tumbo kwa vidole mara moja kwa mwezi, anapojilaza kifudifudi mapajani na hata anapogeuka chali, hakuna gharama. Na utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa paka jike anayetolewa kizazi kabla ya miezi 6 hupunguza hatari ya saratani hiyo kwa asilimia 91. Huo ndio uamuzi wa saratani unaofanywa mapema kuliko wote, paka akiwa bado mtoto anayefukuza kivuli chake.

Paka mweupe wa pwani ana shida yake. Ncha za masikio, pua na kope hazina rangi ya kumkinga na jua, na jua la Mombasa na Unguja halina mapumziko. Kwanza sikio linakuwa jekundu kidogo. Kisha linapata gaga lisilopona, ambalo kila mtu hudhani ni jeraha la kupigana. Uchunguzi uliofanywa California na kuchapishwa mwaka 1971 ulikuta paka weupe wana hatari ya saratani hiyo ya ngozi mara 13 hivi kuliko paka wa rangi nyingine. Ikishikwa mapema, daktari hukata sehemu ya sikio, kidonda kinafunga, na paka anabaki na masikio mafupi yanayomfanya afanane na dubu. Haumii tena, wala hajui kama sura yake imebadilika. Huyu ni mgonjwa ambaye familia isisite kumpasua.

Saratani ya aina hiyo hiyo ikiota mdomoni, chini ya ulimi au kwenye taya, habari ni nyingine kabisa. Paka chini ya 1 kati ya 10 huvuka mwaka, hata wakitibiwa. Taya linaoza, mate yanachuruzika, chakula kinamshinda huku akikitamani. Kumkata taya paka wa namna hii, kwa uvimbe uliokwisha kusambaa, ni jambo ambalo madaktari wengi waadilifu watalikataa hata mwenye paka akiwa na fedha mkononi. Kukataa huko ni tiba pia, kwa maana humwachia paka wiki zake za mwisho zikiwa na dawa ya maumivu na chakula laini, badala ya kidonda kipya.

Katikati ya sikio na mdomo kuna kisa cha Philadelphia, ambacho kinarudisha habari za mguu. Mwaka 1991 Mattie Hendrick na Michael Goldschmidt wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliandika kwamba vimbe za saratani iitwayo fibrosakoma zilikuwa zikiongezeka kwa paka, mahali pale pale wanapochomwa chanjo, kati ya mabega. Miaka michache kabla, jimbo la Pennsylvania lilikuwa limeanza kulazimisha paka wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Hatari ni ndogo, paka kama 1 katika kila 10,000 wanaochanjwa kwa makadirio mengi, na kichaa cha mbwa kinaua watu, kwa hiyo mtu asije akaacha kuchanja. Kilichobadilika ni mahali pa sindano. Madaktari walianza kuchoma chini kabisa ya mguu, kwa hesabu nyofu: saratani hiyo ina mizizi, ikiota mgongoni haing'oki yote, lakini mguu unaweza kuondolewa. Kuna pia kanuni ya kukumbuka kuhusu uvimbe baada ya chanjo: ukidumu miezi 3, ukizidi sentimita 2, au ukiendelea kukua mwezi 1 baada ya sindano, ukatwe kipande ukapimwe. Paka wa miguu mitatu, yule yule aliyemsumbua Lessing usingizi, amekuwa ndiye tumaini lililopangwa tangu siku ya chanjo.

Ugumu unaobaki ni wa kumsoma paka mwenyewe. Waswahili wakisema mtu ana roho ya paka, wanamaanisha kwamba hafi upesi. Wangeweza kuongeza kwamba halalamiki upesi. Paka ni mwindaji mdogo ambaye naye huwindwa, na porini anayeonyesha udhaifu huliwa. Akiumwa hujificha chini ya kitanda, huacha kujilamba, huacha kuruka dirishani. Hata ule mvumo wa kooni hauaminiki, maana paka huvuma akiwa na raha na huvuma akiwa na maumivu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walitoa kipimo cha maumivu kinachosomwa usoni: masikio yamelalia pembeni, macho yamebanwa, pua na mdomo vimekaza, masharubu yamenyooka, kichwa kimeshuka chini ya mabega. Kila kimoja hupewa alama 0 hadi 2. Jumla ikifika 4 kati ya 10, paka anahitaji dawa. Mtu yeyote anaweza kujifunza hili jioni moja, na likimwingia haoni tena uso wa paka kama zamani.

Kwa siku na wiki, kipimo kinachotumika sana ni cha daktari Mmarekani Alice Villalobos, wa mwaka 2004. Kina mambo saba: maumivu, chakula, maji mwilini, usafi, furaha, mwendo, na iwapo siku njema zinazidi mbaya. Kila jambo lina alama 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35, maisha bado yanabebeka. Nguvu ya kipimo hiki haiko kwenye hesabu. Iko kwenye kalenda ya ukutani ambayo mama, baba na watoto wanaandika bila kushauriana, kisha Jumapili wanalinganisha. Mara nyingi mtoto ndiye aliyeona kwanza kwamba paka hajaja mlangoni siku nne.

Chakula kipewe uzito wa pekee. Paka asiyekula kwa siku kadhaa, hasa aliyekuwa mnene, hujaza mafuta kwenye ini, na ini hilo linaweza kumuua kabla ya saratani. Paka wa kilo 5 akipungua nusu kilo, ni sawa na mtu wa kilo 70 kupungua kilo 7. Mizani ya jikoni ina ukweli kuliko macho yanayompenda.

Yote haya yanaonyesha kwa nini familia hukosea inapodhani kuna uamuzi mmoja mkubwa wa kutibu au kutotibu. Anayekubali sindano ya kwanza hajakubali ya kumi. Daktari mzuri husema tangu mwanzo: tujaribu wiki tatu, tumpime uzito, tumtazame uso, kisha tuamue upya, na mkisema basi, ni basi. Fedha nazo zitajwe waziwazi siku hiyo ya kwanza, bila aibu. Nyumba isiyoweza kulipia dawa za mshipani bado inaweza kulipia prednisoloni, dawa ya maumivu, na kopo la samaki anayemnukia paka vizuri. Utunzaji wa namna hiyo usihesabiwe kuwa ni kumtelekeza.

Kisha kuna uamuzi wa mwisho kabisa, wa kumlaza usingizi asiamke. Katika nyumba nyingi za pwani, ambako watoto husimuliwa hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha, watu husema uhai si wao wa kuutoa. Wengine, kwa imani ile ile, huona kumwacha akisongwa na pumzi ndiko kumfungia. Sindano yenyewe ni dawa ya usingizi kwa wingi, na paka hupoteza fahamu kwa sekunde. Daktari anayeheshimu pande zote mbili hataisukuma familia. Atahakikisha tu kwamba, wakati wanajadiliana sebuleni, dawa ya maumivu haimwishii paka chumbani.

Paka huosha uso kwa mguu wa mbele: hulamba kiganja, hukipitisha nyuma ya sikio, hurudia. Aliyekatwa mguu hawezi kuufikia upande ule. Bega lililobaki na kovu husogea kidogo, kama linalotaka kunyanyua kitu, na sikio linabaki na vumbi. Wenye paka hao hujifunza kulowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, wakaketi sakafuni kila jioni, na kumsafishia upande huo. Wengi wa paka hao, baada ya siku chache za kukasirika, huja wenyewe na kuinamisha kichwa.